Majani Mabichi Juu ya Mawe

Kaka yangu Bura,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie habari za mguu wako, maana barua yako imejaa trekta mwanzo mpaka mwisho, na mguu umeutaja mstari mmoja tu, kama mtu anayemtaja jirani asiyempenda. Unakanyaga klachi bila maumivu? Wifi naye apokee shikamoo yake, hata kama hapendi kuzeeshwa. Mtoto ameshaanza kutembea? Na mama huko Tumati, kile kifua kimemwachia? Mimi sijambo. Nakula, nalala, nasoma, na baridi ya huku Kanada nimeizoea kiasi kwamba siilalamikii tena kila siku.

Nakuandikia nikiwa nimekaa dirishani. Nje ni tambarare tupu, ngano ambayo bado haijavunwa, mpaka macho yanachoka. Jua likianza kushuka na upepo ukipita juu ya masuke, kuna muda nasahau nilipo kabisa. Najiona nipo hapo kwenu, na kwamba nikigeuza shingo kidogo nitauona mlima Hanang umejifunika wingu lake, na chini yake vumbi la ng'ombe wa Mzee Gidagurja wakienda kunywa maji. Basi nageuza shingo polepole, makusudi, ili nichelewe kuukosa. Mlima haupo. Huku hata kichuguu hakuna. Nacheka peke yangu, na mwenzangu wa chumbani akiniuliza nacheka nini, namwambia ndiyo kwanza natoka nyumbani.

Unauliza nasomea nini hasa, kwa sababu mama amewaambia watu kanisani kwamba nasomea usafi. Mwache tu, inamfurahisha. Ni usimamizi wa mazingira, na hata mimi siku za kwanza sikujua nimeingia wapi. Tunajifunza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, udongo unaondokaje, majani gani yanarudi baada ya moto na yapi hayarudi, na mtu akitaka kulima au kujenga aangalie nini kwanza. Kuna mwalimu mmoja anatutoa darasani, anatulaza chali kwenye majani, anasema tusikilize. Wenzangu wanaona ni mchezo. Mimi nikifumba macho nasikia kengele za ng'ombe, na wewe ukinipigia kelele kwamba ndama wameingia kwenye mahindi na mimi nimelala. Ndiyo hivyo, kaka, nimevuka bahari kuja kuchukua shahada ya kulala kwenye majani. Usimwambie mama.

Sasa nakuja kwenye lile jambo lako. Nimelisoma mpaka karatasi imelegea. Unasema shamba la ngano linaongezwa tena, na msimamizi amekupa wewe ulime kipande cha upande wa migunga, na katikati ya kipande hicho ndipo lilipo bung'eda, lile kaburi la udongo la baba yake Mzee Gidagurja. Unasema msimamizi anataka mstari ulionyooka, hataki kuona trekta linazungukazunguka wakati mvua zinakaribia, na kwamba dereva asiyetaka aseme, wapo wengine wanaongoja. Unasema Mzee alikuja, akakaa ukingoni na fimbo yake, hakukuuliza kitu wala hakukukataza, akakutazama tu unavyopaka grisi, halafu akaondoka. Ungeona nafuu kama angekutukana. Halafu unamalizia hivi: "Wewe unayesomea ardhi, niambie nifanye nini."

Niliposoma hapo nililia, sikufichi. Mzee huyo ndiye aliyewatunza ng'ombe wa baba miaka yote. Baba alipowapeleka kwake wale wawili, wakazaana wakawa zizi, hakuna aliyewahi kumdai mwenzake. Yeye na baba walikunywa pombe ya asali, yakaisha. Na sisi kila kiangazi tulihamia kwake kunywa maziwa. Pale kaburini ndipo alipotukataza kukimbia. Alitufundisha kwamba mtu hapiti hapo mikono mitupu, ang'oe kwanza majani mabichi, ayaweke, aseme neno zuri, ndipo apite. Wewe ulikuwa unang'oa kichaka kizima, na yeye anakuuliza umekuja kusalimia au kulisha ndama. Nashukuru kwamba hukuniandikia kana kwamba umesahau.

Sasa sikiliza aibu iliyonipata wiki iliyopita.

Mwalimu alitupeleka kwenye shamba la mzee mmoja wa huku, tukapime udongo. Mzee mwenyewe alikuwa juu ya kombaini, anavuna. Mistari yake imenyooka kweli, wewe ungeipenda. Lakini katikati ya shamba nikaona mstari umekata kona, umezunguka kilima kidogo chenye mawe na majani marefu, kisha ukaendelea na safari yake. Sikumwuliza mtu. Wenzangu wakiwa wameinama kwenye mashimo yao, mimi nikang'oa majani mabichi ukingoni, nikavuka mabua, nikayaweka juu ya mawe kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasalimia kwa Kibarabaig cha akina Mzee Gidagurja, kile kidogo ninachokijua. Nilisema tumekuja kwa amani. Nilikuwa na furaha, kaka, sijui nikuelezeje. Nilijisemea kumbe na huku wanao watu wao.

Nilipogeuka, darasa zima limesimama linanitazama. Kombaini imezimwa. Yule mzee ameshuka, amevua kofia.

Akaniuliza, "Binti, unamfahamu nani hapo?"

Nikamjibu, "Simfahamu, mzee. Nimeona mmemzunguka, nikasema si vizuri nipite bila kumsalimia."

Alinitazama, akayatazama mawe, akacheka mpaka akashika gurudumu asianguke. Hakuna mtu aliyezikwa pale. Babu yake alipolifyeka lile shamba aliokota mawe kwa mikono, akayatupa sehemu moja, basi. Ni rundo la mawe. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nilikuwa nimemsalimia nani, kaka? Wenzangu mpaka leo wakiona jiwe njiani wananiuliza kama ni shemeji yangu.

Lakini mzee alipomaliza kucheka aliniuliza ya kwetu yakoje. Nikamweleza. Nilimweleza habari za Mzee Gidagurja, za maziwa, za majani, mpaka habari za kipande chako. Kisha akasema baba yake alimwambia mara nyingi alete mashine alifukie lile rundo, mistari inyooke, na yeye kila mwaka anasema mwakani. "Nikifika hapa," akasema, "mikono inakata kona yenyewe." Akavaa kofia akapanda juu. Majani yangu hakuyatoa. Tukiwa tunaondoka nilimwona analizunguka rundo tena, taratibu kuliko mwanzo.

Hilo ndilo jibu nililonalo. La kitabu ninalo pia, nitakupa, lakini ni la kumpelekea msimamizi. Mwambie kile kipande kina mteremko kuelekea korongoni, unaujua wewe, hauonekani mpaka mvua inyeshe. Mstari ulionyooka kushuka chini utayapa maji njia, na baada ya misimu michache trekta lako litakuwa linaruka mtaro. Akiacha mkanda mpana wa majani pale katikati, kaburi likiwa ndani yake, udongo wake utabaki. Nimemwuliza mwalimu wangu, amekubali. Wataalamu wa ngano wa hapo wametoka huku huku, huenda wakamsikiliza mwalimu wa kwao. Ni kweli yote, lakini mimi na wewe tunajua si kwa sababu hiyo ninakuomba unyanyue plau.

Nakuomba tu, siwezi kukuamuru. Mimi sina mke wala mtoto wanaolala kwenye nyumba ya shamba. Wakikufukuza, mimi nitakuwa huku nimelala kwenye majani. Na naogopa, kaka. Barua yako ilichukua wiki nyingi kunifikia, na yangu itachukua nyingine nyingi, na mvua hazingoji posta. Inawezekana wakati naandika neno hili umeshalima. Usiku huota kaburi lipo, limesimama, na ngano imelizunguka pande zote inacheza na upepo, na Mzee anapita katikati na ng'ombe wake bila kukanyaga hata suke moja. Nikiamka nabaki kitandani kidogo, sitaki kujua ni lipi la kweli.

Nisalimie mama, mwambie nasomea usafi na nafaulu. Nisalimie baba mdogo wa Bashay na mizinga yake ya nyuki, na shangazi aliyenifungia mkaja wa ngozi ulionipa joto kuliko makoti yao yote. Mpakate mtoto kwa niaba yangu.

Humu ndani nimekukunjia majani. Ni ya pale kwenye rundo la mawe. Nilimwomba yule mzee, akaning'olea mwenyewe. Yatakufikia yamekauka, nisamehe. Kama kaburi lipo, yaweke juu yake, sema yametoka kwangu. Kama halipo, usiyatupe na usijifiche. Nenda nayo kwa Mzee Gidagurja, mpe kwa mikono miwili, kaa chini mbele yake, na usiseme kitu mpaka yeye aanze.

Mdogo wako anayekupenda vyovyote ulivyofanya,
Paskalina