Bwana Harusi wa Misigiri

Shangazi, shikamoo. Misigiri kuna upepo wa baridi, ila mimi mzima. Jana nilikuwa kwa kinyozi anayetumia betri kuukuu za pikipiki za umeme, ambazo sisi kazini tunajaribu kuzitumia tena. Kompyuta yangu ilikadiria chaji ya betri ingedumu mpaka jioni, lakini asubuhi tu mashine ya kunyolea ikazimika, bwana harusi mmoja akiwa kanyolewa nusu kichwa.

"Dada, naoa mchana huu!"

Nikaifungua betri. Seli moja ilikuwa imechoka, inaziangusha nyingine. Nikaibadilisha, akamaliziwa, akanilazimisha niende harusini. Mama yake akanijazia kuku wa kienyeji, akauliza, "Mwanangu, wewe wa upande gani?"

Nikajibu, "Wa betri."

Alicheka mpaka akaniongezea paja. Nimekukumbuka sana, Shangazi. Mungu akutunze.

Neema