Sifa za Geti Letu

Kosele, Ijumaa, muhula wa pili, 1995

Mawingu tangu asubuhi, na mvua haijaamua. Moyo wangu hivyo hivyo.

Leo ni siku ya kumi na mbili sijala na Otieno. Ni mwalimu wa kemia, jirani yangu. Tangu nitoke kwetu Ntimaru kuja kufundisha huku, ndiye mtu pekee niliyekula naye ugali wa jioni. Dholuo yangu ni ya salamu tu, naye hakunicheka.

Kosa ni langu, tena la kalamu. Mwalimu mkuu alijenga geti jipya lenye jina lake kwa rangi ya dhahabu, huku bweni linavuja. Nikaandika insha kwenye jarida la shule kulisifu geti hilo. Nikasifu na busara ya kuacha paa na matundu, ili wavulana waoge bila kuteremka mtoni. Nikamalizia kwa ukweli kinzani ambao niliuonea fahari wiki nzima: kadiri vitabu vinavyopungua, ndivyo tunavyozidi kuelimika. Nikangoja walimu wacheke.

Badala yake, siku ya wazazi mkuu akanisimamisha niisome yote. Wazazi wakapiga makofi. Mama mmoja alipiga vigelegele nilipofika pale pa kuoga.

"Omera," Otieno akaniambia tulipotoka, "kumbe na wewe unajikomba."

Mimi, ninayefundisha kinaya kidato cha tatu.

Nilijifariji kwamba angalau mkuu hakuelewa kitu, nikawa namcheka moyoni. Leo saa nne akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Ile ya kuoga bwenini, mwalimu, nilicheka hadi machozi. Na ya vitabu umeipika vizuri."

Nikamuuliza kwa nini basi alinisomesha mbele ya watu.

"Ningekufukuza ungekuwa shujaa," akasema. "Sasa nenda uwaambie wenzako ulikuwa unanisuta. Tuone nani atakuamini."

Nikaenda. Jioni nilibisha kwa Otieno, nikaeleza yote mlango ukiwa nusu wazi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Kinaya ukishakifafanua kimekufa, mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi hivyo.

"Sawa, mwalimu," akasema. Zamani aliniita omera, ndugu. "Mimi nimeshakula."

Harufu ya samaki ilikuwa inatoka ndani, na sufuria ya ugali ilikuwa bado jikoni.

Imeniuma. Nimekunywa chai ya rangi peke yangu, mkate sikuutaka.

Mkuu amenialika kwake Jumapili. Anataka nimpelekee insha nyingine, aisome kabla ya watu. Shule nzima, ni yeye tu aliyeisoma ile ya kwanza kama nilivyoiandika.

Simpendi hata kidogo. Nimejiapiza siendi. Lakini nimekaa hapa na karatasi tangu jua lizame, na sentensi ya kwanza imeshakuja.