Boti ya Posa na Fatiha Yangu

Zuhura, huna haya. Mjukuu niliyemlea tangu mama yake alipofariki, nikamwogesha, nikamsuka nywele, leo umenikana mbele za watu.

Jumapili. Jua kali, upepo hakuna, na moyo wangu umechacha.

Tangu lini posa ikapokelewa kwenye boti? Mshenga hubisha hodi mlangoni kwa binti. Lakini flati yetu ya Greyville inakutia aibu, lifti mbovu, ngazi zinanuka samaki. Basi ukakodi boti kutwa nzima, eti wakwe kutoka Pinetown watembezwe kwenye mfereji wa zamani. Mimi ukaniambia, "Bibi, njoo utusaidie chai tu."

Nikaja. Mjinga mimi.

Nahodha akatueleza kwamba mfereji ule ulichimbwa zamani kwa majembe, na kuta zile za mawe ni za wachimbaji haohao. Wakwe wakapiga picha. Mimi niliona maji ya kijani na chupa za plastiki. Mshenga, mzee mnene hadi boti ikalalia upande wake, akagonga ubao wa boti. "Hodi hapa!" Wote wakacheka, wewe ukacheka kuwazidi.

Kisha akauliza, "Na bibi wa binti yuko wapi? Posa haikamiliki bila bibi. Tumemletea kitenge chake."

Ukaniangalia. Nilidhani utasema.

"Bibi alishafariki. Huyu mama anatusaidia kazi."

Mzee wa watu akainua mikono, akanisomea Fatiha. Boti nzima ikaitikia amina.

Na mimi nikaitikia, birika la chai mkononi.

Akanigeukia. "Mama, ulimjua marehemu?"

"Nilimjua sana. Mwanamke safi. Kosa lake moja tu, alilea mjukuu vibaya."

Wakatazamana. Wewe ukajimwagia chai mapajani. Eish, nilifurahi!

Kitenge changu kikarudishwa mkobani. Mshenga atakitoa sadaka kwa ajili ya roho yangu.

Sikunyamaza kwa kukuhurumia, usijidanganye. Katikati ya maji mtu hawezi kuinuka akaondoka zake, na kulia mbele ya wale sikutaka. Tangu nirudi najiuliza, nilikuaibisha nini? Kuuza karanga pale taxi zinapopakia? Karanga hizo ndizo zilizokufungulia saluni, ukapata kucha za kumringishia mchumba.

Nimelia sasa, peke yangu. Imetosha.

Hakuna ndoa itakayofungwa juu ya kaburi langu nami nipo hapa napumua.

Kesho, kabla hujafungua saluni, mpigie mshenga. Mwambie bibi yako yu hai na kitenge anakitaka. Usimtume mtu. Mwambie wewe, kwa mdomo huohuo uliomzika.