Bangili ya Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeunguza vidole na nimefurahi. Mtu akisoma haya ataniona nimerukwa na akili, lakini hakuna wa kusoma. Mshauri wa zahanati ndiye aliyeniambia niandike yale nisiyoweza kusema. Akaniambia pia nitafute kazi ya mikono, maana tangu tumzike marehemu mume wangu mikono yangu imekuwa ya kushika tama tu. Nikamweleza kwamba kiwanda cha uchapaji nilikokuwa nikifanya kazi kimefungwa, na kwamba nyama siku hizi naila kwa macho. Akasema haidhuru, kazi yoyote, hata isiyolipa.

Basi nimeingia kwa Mama Pacha, sonara wa mtaa wa nyuma. Kazi alirithi kwa baba yake. Pacha wake wote wawili wameikimbia. Tumeelewana hivi: mimi nafagia na kusugua mikufu ya wateja, yeye ananipa kona ya meza, moto wake na maneno yake makali. Fedha hanipi. Waya wa shaba kwanza. Nikamwambia hata mimi sina fedha, ya kuvaa wala ya kutumia. Akacheka mpaka akazima moto.

Alhamisi, 6 Machi

Pete yangu ya kwanza. Shaba. Imepinda kama mdomo wa mtu aliyenyimwa chai! Mama Pacha kaigeuza, kairudisha mezani, kaniambia nianze upya.

Nilipokuwa napiga tupa nilimsahau marehemu. Kweli, nilimsahau kabisa. Nilipogundua kwamba nimemsahau nikalia. Mama Pacha akaongeza sauti ya redio (mpira, kama kawaida yake) akaendelea na kazi. Namshukuru kwa hilo kuliko pole zote nilizopewa.

Jioni mdogo wangu kapiga simu. Nyumbani tulimwita Chiriku, maana alianza kusema kabla ya kutembea na hakunyamaza tena. Siku hizi amepoa. Anauliza nimekula nini, anasikiliza, anakata. Afadhali. Sina nguvu za kelele zake.

Jumanne, 11 Machi

Nimeuza koti zuri la marehemu ili ninunue fedha kidogo. Kipande chembamba tu, cha kutosha vipuli vya masikio. Nilikilaza kiganjani kikapata joto mara moja, kama kitu hai.

Nilipokuwa nikirudi nikaliona koti. Limevaliwa na kijana muuza vocha, na linamkaa. Nilimfuata hadi kona ya duka la dawa. Nilitaka nini? Kumwomba alirudishe? Kunusa kola? Akageuka akaniuliza mama unataka vocha. Nikasema hapana.

Jumamosi, 15 Machi

Chiriku kaja karakana na mfuko wa unga, sukari na sabuni. Ananiambia vilizidi kwake. Vinazidije kwa mtu mwenye watoto watatu? Nikapokea. Nimekuwa hodari wa kupokea.

Akakaa kwenye stuli kunitazama nikilehemu. Moto ulizidi, kipuli kimoja kikayeyuka machoni petu, kikawa tone. Koti la watu limekwenda hivyo! Chiriku akacheka, akainua mkono afute machozi ya kicheko, na bangili ya mama ikamchomoka. Ikaanguka, ikabingirika hadi chini ya meza.

Mama alituachia bangili hiyo moja, ya fedha, nzito. Mimi ni mkubwa lakini haikuniingia, nina mkono kama mwiko. Chiriku aliivaa kwa kupakwa sabuni, na tangu hapo haikutoka. Aliolewa nayo. Alijifungua nayo. Leo imetoka yenyewe, bila sabuni.

Mama Pacha ndiye aliyeiokota. Chiriku alipoondoka akaniuliza mdogo wangu anaumwa nini. Nikamjibu haumwi, anajinyima tu kwa ajili yangu. Nilijibu haraka, kama niliyekuwa nimeliandaa jibu.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwake kwa miguu. Shemeji kafungua mlango, akanikaribisha huku anatazama viatu vyangu. Chiriku alikuwa amelala. Mchana kweupe, mtu ambaye hata usingizini alikuwa akiongea. Nikasimama upande wa miguuni. Chini ya shuka alilala mtu mdogo kuliko mdogo wangu.

Alipoamka hakuficha. Uvimbe tumboni. Aliambiwa mwaka jana, wiki ya msiba wetu. Yaani alipokuwa akipokea waombolezaji, akinilisha kwa kijiko, akilala nami kitanda kimoja nisishtuke usingizini — alikuwa ameshajua. Amepasuliwa mara moja. Mimi niliambiwa amesafiri kwa wakwe.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeiweka wapi, dada? Ulikuwa umejaa."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayenieleza kabati limejaa nguo.

Sasa wamemwongezea dawa nyingine, kali, ataanza Jumatatu ya tarehe 24. Shemeji akaleta chai. Tukanywa. Watoto wakapita pita. Mimi nilikuwa nakumbuka simu zile fupi, na mimi kujiambia afadhali. Afadhali! Alikuwa hana pumzi ya kuongea, na mimi napumua.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda kwa sonara. Unga alioleta niliapa sitaugusa. Mchana njaa ikanizidi, nikapika, nikala. Nikachukia nilivyoshiba.

Ijumaa, 21 Machi

Chiriku kaja tena, na bangili ameifunga kwenye leso. Anataka ipunguzwe. Shemeji kamshauri aiweke kabatini mpaka apone, kakataa. Anataka kuwa nayo mkononi Jumatatu. Kwa Mama Pacha ni kazi ya muda mfupi tu: unakata, unatoa kipande, unakunja, unalehemu. Akanyoosha mkono aipokee. Chiriku akaivuta leso.

"Nataka ikatwe na dada."

Nikamkumbusha kipuli kilichogeuka tone mbele ya macho yake. Akasema alikiona. Nikamwambia kitu cha mama hakijaribiwi na mwanafunzi. Akasema mama mwenyewe alitushonea nguo miaka yote bila kujua kushona, na tulizivaa. Hapo kweli hata mimi nilicheka. Mikono miwili ya gauni moja haikuwahi kulingana.

Nikatafuta uzi. Nikamkunjia kidole gumba, nikauzungusha kwenye vifundo vya mkono, mahali bangili inapopitia. Mifupa yote iko juu. Nilikuwa nikimshika mkono huu tukivuka barabara kwenda shule, na niliushika vibaya, nikiuvuta. Nikatia alama kwa kalamu.

Akauchukua uzi. Akaukaza. Akabana kwa kucha mahali pengine, ndani zaidi.

"Hapa."

Nikamwambia hapo haitaingia bila sabuni.

"Leo haitaingia bila sabuni," akasema. "Sitaki uje uikate mara ya pili."

Mama Pacha alikuwa ameinama kwenye droo, anatafuta kitu kisichokuwepo. Nami nikatia alama ya pili. Ningesema nini? Mwaka mzima yeye ndiye aliyejua la kuniambia.

Jumatatu, 24 Machi

Miadi ya hospitali ni mchana, wamepitia hapa kwanza. Shemeji yuko nje na begi la nguo, hataki kuingia. Chiriku yuko kwenye stuli, amejifunga kitambaa kichwani. Mimi naandika hapa hapa mezani, wanadhani napiga hesabu ya vipimo.

Mama Pacha amenifungia bangili kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, amenichagulia msumeno mwembamba kuliko yote. Kisha akaninong'oneza: nikate kwenye alama ya mgonjwa, kipande nikitunze. Akinenepa tutakirudisha. Mshono utaonekana, lakini itavalika. Ni ushauri wa fundi, na ni mzuri. Akachukua kikombe chake akaenda kunywa chai kwa jirani.

Alama mbili za uzi nimezihamishia juu ya fedha. Yangu na yake. Kati ya hizo mbili hapana hata upana wa kucha. Nikikata kwenye yake nitakuwa nimemkubalia kwamba atakonda zaidi. Nikikata kwenye yangu, nitakuwa narudia kumwona nitakavyo mimi, si alivyo. Nimemfanyia hivyo mwaka mzima.

Ameniuliza kama nimeanza. Nimemjibu bado.

Ameniuliza nakata wapi.

Msumeno nimeuweka kwenye alama yangu. Chiriku ameinuka, ameshika ukingo wa meza, anakuja kuona —