Dukani Hawauzi Theluthi ya Kadi

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie, tafadhali, kabla ya Ijumaa. Nina miaka ishirini na minne, ni karani katika chama kidogo cha kutetea wateja hapa Westfalia, Ujerumani, na nakuandikia wakati wa mapumziko ya mchana nikiwa nimejifungia kwenye chumba cha mashine ya kunakili, maana ndicho chumba pekee chenye ufunguo. Kipindi changu cha majaribio kinaisha baada ya wiki tatu, na mpaka siku hiyo wanaweza kuniondoa bila kueleza lolote, kwa hiyo majina yote humu nimeyabadilisha.

Chama chetu kina jarida, na toleo la Desemba lina ukurasa wa swali wanaloulizana wazazi wote: je, vifaa vya kompyuta za gemu vimepanda bei kweli, au ni watoto wanaodeka? Mimi nacheza tangu nikiwa na miaka tisa na kompyuta yangu nimeiunga kwa mikono yangu, basi kazi ya kukusanya bei nikapewa mimi, nikaifanya kwa uangalifu, nikahakiki mara mbili, na nilichokuta ni kwamba kadi ya picha ya daraja la kati, ambayo bila yake kompyuta ya gemu ni sanduku tu, mwaka 2014 iliuzwa euro 329 na leo ya daraja hilohilo inauzwa euro 619, na hata ukitoa hesabu ya mkate na kodi ya nyumba zilivyopanda, bado imepanda. Mkuu wangu, nimwite Bibi Hollenbeck, akalichukua jedwali langu, akasema kadi ya leo ina nguvu mara tatu ya ile ya zamani kwa hiyo lazima tugawe kwa tatu, ndivyo wafanyavyo wataalamu wa bei, akagawa, akapata euro 206, na kichwa cha habari kikawa: "Gemu Nafuu Kuliko Zamani: Bei Yashuka kwa Asilimia 37".

"Lakini Bibi Hollenbeck," nikasema, "mteja halipi mia mbili na sita."

"Kwa nguvu ileile, analipa mia mbili na sita."

"Na hiyo ya mia mbili na sita iko duka gani?"

Akacheka. "Una ulimi wewe! Hebu njoo, kuna keki ya plamu."

Tukala. Katikati ya kipande cha pili akaweka uma chini, akanyoosha mkono, akasema tuachane na "Sie", ile "wewe" ya heshima, tangu leo nimwite Annegret na tuambiane "du", "wewe" ya marafiki. Nikaupokea mkono, mshauri, ningefanyaje, mdomo ulikuwa umejaa krimu. Kesho yake akaniletea ukurasa mezani, uende kuchapishwa Ijumaa. "Sahihi weka wewe, mpenzi. Wewe ndiye kijana, wewe ndiye unayecheza. Jina langu mimi wakiliona watasema ajuza huyu anajua nini kuhusu gemu?" Na unajua mwenyewe kwamba "du" ikishatolewa hairudishwi, kwa hiyo tangu siku hiyo ulimi wangu mzito, maana Bibi Hollenbeck ningeweza kumkatalia kwa adabu zote, lakini Annegret unamkataliaje?

Jumapili nikampelekea baba jambo hili, nikitumaini ataniunga mkono. Baba ana faili la risiti tangu kabla ya euro. Akalifungua, akaweka kidole kwenye risiti moja. "Soma hapa, mlalamishi wewe! Mwaka 1998, kompyuta moja, marki 3,480. Mshahara wa mwezi mzima na zaidi! Na baada ya miaka miwili haikuweza kufungua gemu jipya hata moja. Hiyo yako ina miaka mingapi?"

"Sita."

"Na bado inakimbia! Mnalia mkiwa mmeshiba."

"Na viazi vitupu vya mwezi ule nilivila mimi," mama akasema kutoka jikoni, "usijisifu peke yako."

Risiti ilikuwa mbele ya macho yangu, na sasa sijui kama mimi ni mkweli au ni mbishi tu. Lakini mkono hautii. Mara tatu nimeshika kalamu niweke sahihi na mara tatu nimeirudisha kikombeni. Naogopa kufukuzwa, naogopa sana, na bado sitaki. Je, niweke sahihi hii moja tu, kisha majaribio yakiisha ndipo nianze kuwa mkweli?

Ni mimi,
Karani Mwoga

*

Karani,

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni kwa ajili ya hiyo Ijumaa yako. Hilo jina la Mwoga lifute. Mwoga angekuwa ameshaweka sahihi mara ya kwanza.

Pole kwa hofu. Kukosa usingizi kwa sababu ya kazi si kichekesho. Lakini swali lako la mwisho limenikera! Majaribio yakiisha utasema ngoja nipandishwe cheo, kisha ngoja nimalize mkopo wa nyumba, kisha ngoja nipate pensheni. Ukweli ukiuahirisha mara moja, unajifunza kuuahirisha.

Baba yako hajakupinga, binti yangu. Yeye anajibu kuhusu 1998, wewe unajibu kuhusu 2014. Vifaa hivi vilikuwa ghali sana, vikashuka, sasa vimepanda tena, na vinadumu zaidi. Yote hayo ni kweli na yote yanaenea ukurasa mmoja. Hata kugawa kwa tatu si uongo, ni kipimo cha nguvu. Uongo ni kukiita bei. Mimi nimesimama kaunta ya duka la vyombo vya umeme miaka kumi na tisa, na hakuna mteja aliyewahi kuniomba theluthi ya kadi. Angeniomba, ningempa nini, feni yake?

Sasa fanya hivi. Andika jedwali upya: alicholipa baba yako kwa kompyuta nzima, kilicholipwa kwa kadi 2014, kinacholipwa leo, na chini kabisa ule mgawanyo wa mkuu wako, ukiwa na jina lake halisi: nguvu. Muombe baba picha ya risiti, na viazi vya mama yako usivisahau. Kichwa cha habari kiwe swali: "Ghali Kuliko Lini?" Alhamisi asubuhi, kabla wenzako hawajafika, weka karatasi zote mbili, yako na yake, mezani kwa mkuu wako.

Na hiyo "du" unayoiogopa kama mnyororo, itumie! Mkubwa akikupa "du" hajakununua, amekuita mwenzake, na mwenzako unamwambia usoni. Sema: "Annegret, hii naisaini. Ile isaini wewe." Kisha nyamaza. Usijieleze, usiombe radhi, usikubali kipande kingine.

Anaweza kukufukuza. Sitakudanganya kwamba hawezi. Ukifukuzwa, toka na jedwali lako kwapani, kichwa juu. Keki yake umeshaimeza, hiyo haidaiwi. Jina lako bado unalo.