Mkono wa Kwanza ni wa Dalenda

Shenini,
Gabes, Tunisia.
9 Julai 2018.

Mpendwa mdogo wangu Hedi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Ufaransa, na mgongo wako umepata nafuu? Mkeo Neila hajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto ni kali na maji ya bustani yanakuja kwa zamu. Binti yako Emna alifika salama Jumamosi. Amekonda, nami namlisha.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Tulia basi unisikilize.

Wiki iliyopita uliniambia kwamba siku ya hina ya Emna, dada yetu Dalenda apelekwe kwa binamu zetu Matmata mpaka wakwe wa Sfax waondoke. Eti wakimwona na uso ule wa huzuni watanong'ona. Tena asiguse mkono wa bibi harusi, maana kwa desturi yetu hina ya kwanza huwekwa na mwanamke mwenye furaha, ili furaha yake imwingie mwari. Nimekusikia. Jibu langu ni hapana.

Desturi hiyo naijua kuliko wewe. Mimi nilipakwa na shangazi Beya, aliyekuwa akicheka kutwa nzima, na ndoa yangu unaijua ilivyonitoa jasho.

Huzuni ya Dalenda ina miaka tisa sasa. Hakufiwa, hakuachwa, hakurogwa. Tulimsomea, tukamfukiza ubani mpaka akakohoa. Mimi mwenyewe nilimkosea sana, kila asubuhi nikimwambia achangamke. Siku moja akanijibu, "Dada, ukiniambia nichangamke naona unanifukuza." Niliona haya, na sijarudia tena.

Siku hizi anameza vidonge vya daktari, nami nimejifunza kukaa naye bila kumdai tabasamu. Asipoweza kuamka nampelekea chai na mkate, nakaa pembeni nachambua maharage. Akiamka tunafanya kazi. Haijaisha, Hedi, na huenda isiishe. Lakini sitangoja iishe ndipo nimhesabu kuwa mtu.

Na kazi yenyewe umeisahau tangu uhame. Hina yote ya bustani yetu anaichuma yeye, anaianika yeye, anaitwanga na kuichekecha kwa kitambaa mpaka iwe laini kama poda. Maharusi wa mtaa huu miaka yote tisa wamepakwa hina iliyotoka mikononi mwake, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Zile kilo mbili za harusi ya shemeji yako, ambazo uliringia rangi yake kwa wenzako wote, unadhani zilitoka kwa nani? Mlijipaka huzuni yake, mkacheza mpaka miguu ikavimba.

Jana Emna alimfuata chumbani. Sitakudanganya, nilisimama mlangoni nikasikiliza.

"Shangazi, wewe ndiye utakayenipaka," Emna akamwambia.

Dalenda akageukia ukutani. "Na nikilia mbele ya wageni?"

"Lia. Mimi nitafumba kiganja nikungoje."

"Baba yako atakasirika."

"Baba anafika Ijumaa. Hina ni Alhamisi. Akasirikie rangi iliyokwisha koza."

Dalenda akacheka kidogo, kwa pua tu. Usidhani amepona, leo hajatoka kitandani.

Kwa hiyo Alhamisi ya tarehe 26 akiweza kutoka, atatoka na kukaa mbele. Asipoweza, nitampeleka bibi harusi pamoja na wageni na sahani ya hina hukohuko chumbani kwa Dalenda. Watu wa Sfax wakitaka kunong'ona wanong'one. Chumba ni kidogo, tutawasikia, na mimi nitawajibu. Matmata haendi mtu.

Nisalimie Neila na mama yake, na umbusu mwanao mdogo Taufiki. Mungu akufikishe salama na akulainishe moyo.

Dalenda nilimuuliza kama ana neno kwako. Akasema, "Mwambie sijakasirika. Ila mwaka huu aingie. Kila kiangazi nasikia viatu vyake vikipita mlangoni kwangu."

Wako akupendaye hata anapokukemea,
Dada yako,
Monjia