Kuni za Tanuri la Mama

Dongobesh, Jumamosi, mwishoni mwa Oktoba. Mawingu mazito tangu asubuhi, upepo wa baridi, mvua bado. Ndani yangu sisikii kitu.

Jana niliwafundisha darasa la sita kwamba shughuli za binadamu zimeongeza hewa ukaa angani. Niliandika mifano mitatu ubaoni: kuchoma makaa ya mawe, kuchoma mafuta, kukata misitu. Nilitamka neno "binadamu" kana kwamba ni jamii inayoishi mbali na hapa.

Leo nimewasha tanuri la matofali.

Masika yaliyopita ukuta wa chumba cha mama, wa matofali mabichi, ulilowa ukaanguka. Tangu hapo analala jikoni. Mimi ndiye niliyesisitiza kwamba safari hii tujenge kwa matofali ya kuchoma, ila sikuuliza kuni zitatoka wapi. Kaka Boay ameukata mti wa mringaringa wa mpakani mwa shamba, aliotuachia marehemu baba. Nilipofika, magogo yalikuwa yamekwisha kupangwa kwenye matundu ya tanuri.

Nyumbani kwetu mwenye matofali ndiye huwasha, na haya nimeyagharamia mimi. Nilishika kiberiti, nikaanza kueleza: hewa ambayo mti ule uliinyonya tangu sijazaliwa, tutairudisha angani kwa siku mbili.

"Mwalimu," Boay akacheka, "hapa hakuna mtihani. Washa."

Mama hakucheka. "Mwanangu, hiyo hewa yako siijui. Ukuta wangu uliangushwa na maji."

Nikawasha.

Nilitarajia aibu, au uchungu. Sikupata hata kimoja. Niliutazama moshi kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Pengine ninajihukumu isivyo haki: tanuri moja ni dogo mno mbele ya viwanda na magari ya dunia, na mringaringa mwingine ukikua utainyonya hewa hiyo tena. Lakini hoja hiyo imenijia haraka, nami naishuku kwa sababu inanifaa. Tena hakuna aliyepanda mringaringa mwingine.

Hata mimi.

Jioni hii mama ameketi upande usio na moshi, ananieleza kitanda chake kitakaa wapi, mbali na dirisha. Sijamwona akiwa na furaha hivi tangu masika.

Jumatatu tutarudia somo. Mifano mitatu bado iko ubaoni. Je, nitaandika wa nne: chumba cha mama yangu?